Grisi inachuruzika gurudumuni, na maswali mengine ya wenye fowili (magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne)

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wenye Land Cruiser na Prado, na nyingi zinauliza cha kuongeza: tairi kubwa, springi ndefu, taa za spoti. Tumeitanguliza barua ya gari linalovuja. Gari linalovuja litengenezwe kwanza, hayo mengine yasubiri.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ. Gurudumu la mbele kushoto linatoa uchafu mweusi, nusu oili nusu grisi, unachuruzika kwa ndani hadi kwenye rimu. Fundi amebadilisha mpira wa nje mara mbili na kila mara uchafu unarudi. Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani?
*Msomaji, Karatu*

JIBU: Unaweza, ila kama ni mara yako ya kwanza tenga siku nzima kwa upande mmoja.

Kwanza tuone kwa nini mpira wa nje haukusaidia. Nyuma ya gurudumu, mwisho wa ekseli, kuna tufe kubwa la chuma, na juu ya tufe hilo kuna nyumba inayogeuka na usukani. Humo ndani sivi jointi, kiungo kinacholizungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, inakaa kwenye grisi nzito. Pale ekseli inapotoka kwenye bomba lake pana oili sili ndogo, kazi yake kuizuia oili ya difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) isiifikie grisi hiyo. Sili ikichoka, oili inaingia na kuilainisha grisi mpaka inakuwa uji. Ule mpira wa nje na kitambaa chake viliwekwa kufuta vumbi na kuzuia grisi nzito, uji haviuwezi. Kwa hiyo mpira mpya utakaa safi siku chache tu.

Hakikisha kabla hujafungua chochote. Nyumba ile ina plagi ya kujazia grisi kwa juu. Ifungue, chovya kipande cha waya, kitoe. Kikitoka na grisi inayong'ang'ania, tatizo ni la nje. Kikitoka na uji mweusi unaodondoka, sili ya ndani imekwisha. Pima na oili ya difu ya mbele, maana kilichomwagika kwenye rimu kimetoka huko.

Halafu tafuta kilichoiua sili. Mara nyingi ni uzee, lakini kuna kitu ambacho wengi hawakigusi: pumulio la difu, ile valvu ndogo juu ya ekseli. Difu ikipata joto hewa ya ndani inatanuka, na pumulio likiwa limezibwa na tope hewa hiyo inaisukuma oili ipite kwenye sili. Ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto mambo yanageuka: hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili zilezile. Ukifunga sili mpya ukaliacha pumulio limeziba, utafungua tena kabla ya mwaka. Ling'oe, lioshe kwa mafuta ya taa, lipulize kwa mdomo uone kama linapitisha. Lililo bora ni kuliunganisha na mpira wa mafuta unaopanda hadi juu ndani ya boneti, mwisho wake ukaufunga filta ndogo ya petroli. Acha mpira uwe na ulegevu wa kutosha, kwa sababu ekseli inashuka sana tairi likiingia shimoni. Fanya hivyo hivyo kwa difu ya nyuma.

Vya kununua kwa upande mmoja: oili sili ya ndani ya ekseli, oili sili ya habu (kitovu cha gurudumu), beringi mbili za kingpini, yaani pini ambazo nyumba ile inageukia (juu na chini), seti ya mpira na kitambaa vya nje, gasketi za spindeli (shina ambalo habu inalizunguka) na za habu, na washa ya kufungia nati za beringi. Zaidi ya hapo, grisi ya lithiamu yenye molibdenamu, na kilo mbili zitatosha pande zote mbili pamoja na beringi za magurudumu. Nunua na oili ya difu ya GL-5, 80W-90, maana iliyomo imeshachafuka. Kwa vifaa, kinachokosekana majumbani ni soketi ya milimita 54 ya nati za habu. Usizigonge nati hizo kwa tindo. Zikishaharibika kingo hutaweza kuzikaza sawasawa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, pandisha ekseli kwa jeki, iweke juu ya stendi za chuma. Tofali na mawe hapana, tofali hupasuka bila kutoa onyo. Mwaga oili ya difu. Toa kalipa uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wake wa breki. Fungua kifuniko cha habu na utoe pete ya kufungia iliyo mwisho wa ekseli. Mwili wa habu umekazwa na nati zenye washa za umbo la pia. Washa hizo hung'ang'ania, basi legeza nati bila kuzitoa, kisha gonga pembeni kwa nyundo ya shaba mpaka ziruke. Nyoosha washa ya kufungia, toa nati mbili za 54, vuta habu pamoja na diski yake. Shika beringi ya nje kwa kiganja isidondoke kwenye vumbi. Toa bolti nane za spindeli, kisha gonga spindeli taratibu kwa kipande cha mti mpaka iachie.

Sasa weka beseni chini, uji utamwagika. Sivi jointi ina sehemu mbili bapa. Zungusha ekseli mpaka zielekee juu na chini, ndipo itatoka bila kugombana nawe.

Osha kila kitu kwa dizeli, kausha, kisha pitisha kucha kwenye ekseli pale sili inapogusa. Kucha ikikwama, pana mfereji umechimbika. Hapo ingiza sili mpya milimita moja au mbili zaidi au pungufu, ulimi wake ukae pasipochimbika. Tufe likiwa na kutu lipige msasa laini mpaka liwe kama kioo, vinginevyo kutu hiyo itakata mpira mpya. Ukiifungua nyumba, kwenye beringi za kingpini utakuta vipande vyembamba vya bati vya kupimia nafasi. Vya juu na vya chini visichanganywe, vifunge kila kimoja na kifuniko chake kwa waya.

Tunakusihi uwe makini zaidi wakati wa kurudisha ekseli. Ncha yake ina meno makali. Ukiisukuma ikiwa imelala kwa uzito wake, meno yataburuzika juu ya ulimi wa sili mpya na kuukata, na hutajua mpaka baada ya wiki mbili uji utakapoanza tena. Paka grisi ulimi wa sili, mwombe mtu aibebe sivi jointi kwa mikono miwili, nawe elekeza ncha katikati ya bomba bila kugusa kingo mpaka meno yaingie kwenye difu. Grisi ijaze jointi yenyewe na kama robo tatu ya nafasi ya nyumba. Ukijaza pomoni, joto litaitafutia njia ya kutoka.

Beringi za gurudumu: kaza nati ya ndani kwa takriban Nm 60 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukiizungusha habu, ilegeze kabisa, kisha ikaze tena kidogo sana, Nm 5 hivi. Habu izunguke laini na isicheze ukiitikisa. Weka washa mpya, kaza nati ya nje Nm 60, kunja ulimi mmoja wa washa kwa ndani na mwingine kwa nje. Nati za mkono wa usukani chini ya nyumba ile zinataka takriban Nm 95. Zirudie baada ya kilomita 500 bila kukosa. Zikilegea, stadi zake hukatika moja baada ya nyingine, na siku ya mwisho ikikatika usukani hautakuwa na kitu cha kugeuza.

Unyevu kidogo kwenye tufe baada ya hapo ni wa kawaida, usiufukuzie fundi.

SWALI: Nina Prado mfululizo wa 90, injini 1KZ-TE, tairi za 265/70R16. Nataka kuvaa 285/75R16 na kuiinua inchi nne. Muuza springi anasema hakuna shida. Ninyi mnasemaje?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Shida ipo, na itaanzia mbele. Prado hiyo haina ekseli nzima mbele. Kila gurudumu lina mikono yake, na difu imefungwa kwenye chesi. Ukiinua gari, difu inapanda na chesi lakini magurudumu yanabaki chini, kwa hiyo ekseli fupi zinainama. Kufikia milimita 50, yaani inchi mbili, zinavumilia. Kwa inchi nne mipira ya sivi jointi inajikunja mpaka inajikata, boljointi zinafika mwisho wa mwendo wake, na mpanga magurudumu atakuambia pembe hazirudi kwenye vipimo. Tunakushauri uishie milimita 50, na hata hizo zifuatwe na kupanga magurudumu siku hiyohiyo.

Kuhusu tairi, tupige hesabu. Tairi yako ya sasa ina kimo cha milimita 777. Ya 265/75R16 ina 804, ya 285/75R16 ina 834. Ukivaa hii kubwa, spidi mita ikisoma 100 unakwenda 107, gari linakuwa zito kuondoka kama limeondolewa nusu gia, na breki zilezile zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi. Tena itagusa nyuma ya matao ya mbele ukikata kona. Ile ya 265/75R16 inakupa milimita 13 zaidi chini ya difu ya nyuma, spidi mita inakosea kwa 3 tu katika 100, na kwa gari lililoinuliwa milimita 50 inakaa bila kukata bodi. Hiyo ndiyo tungevaa. Kumbuka kwamba springi haziinui difu ya nyuma hata milimita moja. Ekseli ya nyuma hupandishwa na tairi peke yake.

Wafunga springi wengi wanasahau vitu viwili. Cha kwanza ni valvu ya breki ya nyuma. Prado nyingi za umri huu zina fimbo nyembamba kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi valvu iliyo kwenye chesi. Fimbo hiyo inaipimia valvu uzito wa mzigo: gari likishuka kwa mzigo, breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukiinua gari, valvu inadhani gari ni tupu siku zote na kupunguza breki za nyuma, hata ukiwa umebeba familia na madumu. Dawa ni kuuinua mshikio wa fimbo kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Cha pili ni ule mtaimbo wa kulala unaounganisha ekseli ya nyuma na chesi. Gari likipanda, mtaimbo huo unaivuta ekseli upande mmoja. Pima kwa futi kutoka tairi hadi tao, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja, tafuta mtaimbo wa kurekebishika.

Tairi ya akiba iko kwenye mlango wa nyuma, na tairi nzito hupasua bati la bawaba kwenye barabara zilizojikunja kama bati la migongo. Kila mwezi mmoja vuta mlango juu ukiwa wazi. Ukicheza, kaza bawaba kabla rangi haijaanza kupasuka.

SWALI: Nimenunua Land Cruiser ya 1HZ iliyotumika. Aliyeniuzia anasema taiming belti "ni mpya mpya". Niamini?
*Msomaji, Tabora*

JIBU: Bila risiti au kibandiko chenye tarehe na kilomita, badilisha. Hesabu ya kawaida ni kila kilomita 100,000, na kilomita za gari la mtumba ni vigumu kuzithibitisha. Badilisha pamoja na puli yake ya kukazia. Kwenye injini hii mkanda ukikatika pistoni na valvu hugongana. Kwa hardtop ni kazi ya nusu siku yenye nafasi ya kutosha, hata kwa mtu wa nyumbani, mradi alama za puli zilingane kabla hujautoa wa zamani na uzungushe injini mizunguko miwili kwa mkono kabla ya kupiga stata.

SWALI: Hamjambo. Prado yangu ya 1KZ inapandisha joto nikipanda vilima vya Taita na mzigo. Makanika alitoa themostati akasema sasa maji yatapita vizuri. Bado inachemka. Je, ni hedi?
*Msomaji, Voi*

JIBU: Bado tusiseme ni hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, lakini acha kuipandisha vilima mpaka umalize ukaguzi huu, maana hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu na hupasuka ikichemka mara chache tu.

Kwanza rudisha themostati. Injini nyingi za Toyota zina themostati ya diski mbili: moja inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, nyingine wakati huohuo inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tena injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa nia njema kabisa, makanika wako amepunguza upoaji.

Pili, angalia kati ya kondensa ya ayakandishoni na rejeta. Kwa magari yanayopita kwenye majani marefu, huko ndiko mbegu na vumbi hujikusanya kama blanketi, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Legeza kondensa, ingiza kiganja. Osha kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa feni kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, usiitumie kwa karibu.

Tatu, klachi ya feni. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito na kusimama haraka, ni nzima. Ikizunguka bure kama pangaboi, oili yake ya silikoni imekwisha, na hicho pekee kinatosha kuchemsha gari kwenye mlima wa mwendo mdogo. Nne, mfuniko wa rejeta uwe na namba ya shinikizo ileile iliyoandikwa kwenye wa mwanzo. Ndani weka kulanti nusu na maji yaliyochujwa nusu. Maji ya kisima cha chumvi huacha magaga ndani ya mirija.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uishuku hedi kwa dalili hizi: mapovu kwenye rejeta injini ikiwa imewaka, mipira ya rejeta kuwa migumu hata baada ya gari kulala usiku kucha, na kulanti kupungua bila kuvuja.

Usitegemee mshale wa dashibodi. Umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi za joto, na ukianza kupanda umeshachelewa. Funga geji ya pembeni yenye kengele, kihisio chake kiwe kwenye hedi au kwenye bomba la maji linalotoka injini.

SWALI: Nimefunga taa mbili za spoti zenye rilei, nikachukua alama kutoka waya wa full. Nikiwasha dimu spoti zinawaka, nikipandisha full zinazima. Rilei nimebadilisha mara tatu.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Rilei zako zote tatu (rilei ni swichi inayovutwa na koili ya umeme) zilikuwa nzima. Kwenye Land Cruiser na Toyota nyingi za fowili, swichi ya taa kubwa haikati umeme wa chanya. Inakata njia ya bodi, yaani hasi. Chanya kiko kwenye balbu muda wote taa zikiwashwa, na swichi inachagua tu waya upi ushuke kwenye bodi.

Wewe ulifunga mguu mmoja wa koili kwenye waya wa full na mwingine kwenye bodi. Dimu ikiwaka, waya wa full hauna njia ya bodi, kwa hiyo umeme unapita kwenye waya mwembamba wa balbu, unafika kwenye koili, rilei inashika. Ukipandisha full, waya huo unashushwa kwenye bodi, koili inakuwa na bodi pande zote mbili, inaachia.

Thibitisha hivi: chomoa soketi ya balbu, taa ya kupimia ifungwe kwenye bodi, gusa miguu mitatu ya soketi. Mguu mmoja ukiiwasha taa ya kupimia kwenye dimu na kwenye full pia, huo ndio chanya cha wote, na gari lako ni la aina hiyo. Peleka mguu 86 wa rilei kwenye chanya hicho na mguu 85 kwenye waya wa full. Swichi ya dashibodi iwe katikati ya waya wa 85.

Njia ya umeme mkubwa: kutoka betri hadi mguu 30, kutoka mguu 87 hadi kwenye taa. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, na kwa volti 12 zinakula kama ampea 9. Waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 vinatosha. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30, kwa sababu fyuzi iliyofungwa karibu na taa hailindi waya uliopita kwenye bati kali la boneti. Waya ukichubuka hapo utawaka moto fyuzi ikiwa nzima. Na kabla ya yote pima volti za mfumo, maana baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24.

SWALI: Nimefunga snokeli. Nitajuaje kama kweli haiingizi maji?
*Msomaji, Ifakara*

JIBU: Washa injini iwe sailensa, yaani ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, mtu apande na kipande cha ubao chenye mpira bapa aufunike wote mdomo wa snokeli, lile bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu. Injini inatakiwa ilegee na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inavuta hewa mahali pengine, na hapo ndipo maji yatakapopita. Mara nyingi ni pale bomba linapoingia kwenye fenda, au kitundu cha kutolea maji chini ya kasha la filta ya hewa, ambacho wafungaji huwa hawakiangalii. Kiwekee valvu ya mpira ya kushusha maji bila kuyapandisha. Maungio paka silikoni, funga klempu, subiri saa 24, kisha rudia jaribio la ubao.